Kwenye Mdomo wa Sumaku

Kila nikirudi nyumbani Waberi, mtaa wetu pale Garissa, mama huniuliza upya kazi yangu ni nini hasa, na kila mara namjibu kwa njia nyingine. Safari hiyo nilimwambia hivi: huko ng'ambo kuna sumaku kubwa kuliko nyumba yetu, imelazwa ubavu ndani ya ukumbi, na katikati ina tundu refu, kama pipa lililokatwa pande zote mbili. Siku moja chembe ndogo zisizoonekana zitapita ndani ya tundu hilo, na sumaku itazipinda njia. Tukiangalia zilivyopinda, tutajua zilikuwa na nguvu gani za mwendo. Lakini hatuwezi kuamini kupinda huko kama hatujui sumaku yenyewe ina nguvu kiasi gani hapa, na pale, na kando ya pale. Mimi ndiye ninayepanga jinsi ya kuipima, nukta baada ya nukta, mpaka tupate ramani.

"Kumbe unapima shamba," mama akasema.

"Shamba lisiloonekana, hooyo."

"Na wanakulipa kwa hilo." Akacheka mpaka mtandio ukamteleza kichwani.

Nilikuwa nimekuja kwa likizo ya Idi, na mpango ulikuwa bado haujakamilika. Ulipaswa kutumwa kabla sijaondoka Garissa. Vipimo vya namna hii hufanywa mara moja tu. Sumaku ikishapimwa, tundu lake hujazwa vyombo vya kunasia zile chembe, vikabanana hata mkono hauwezi kupita. Ukikosea kupima, kosa hilo litaishi ndani ya kila jibu litakalotoka humo kwa miaka. Kwa hiyo tulikuwa tumekaa miezi mingi tukijiuliza ni nini kinaweza kuharibika, na tutafanya nini kikiharibika.

Nasema "tulikuwa" kwa sababu sikuwa peke yangu Waberi. Mtoto wa mjomba wangu, aliyekulia Kotile na sasa ana nyumba mtaa wa pili kutoka kwetu, alikuwa fundi kwenye timu hiyohiyo. Yeye ndiye aliyetengeneza toroli la kupimia. Ni toroli la alumini, halina hata bolti moja ya chuma, limebeba vihisi vyake vya kupimia kwenye mkono mrefu na linateleza juu ya reli kuingia ndani ya tundu. Naye alikuwa nyumbani kwa Idi. Kila alasiri alikuja barazani kwetu, mrefu kama mlingoti, akainama kupita mlangoni, na akanitania kabla ya kunisalimu.

"Kafupi, umeshamaliza kupima shamba lako?"

"Bado nasubiri mwenye toroli aniambie litakwama wapi."

"Toroli langu halikwami."

Hilo ndilo lilikuwa tatizo la mwisho kwenye mpango wetu. Je, likikwama?

Nieleze kidogo, kwa sababu yaliyofuata yote yanatoka hapa. Nyaya za sumaku ile huogeshwa kwa heliamu, gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, baridi kupita baridi yoyote unayoijua, mpaka umeme unazunguka ndani yake bila kuzuiwa na kitu. Sumaku kama hiyo haizimwi kama taa. Kuishusha taratibu kunachukua saa nyingi, na hata ukiishusha na kuipandisha tena, vyuma vinavyoizunguka huwa vinakumbuka yaliyopita, na uga, yaani ile nguvu ya sumaku ilivyotandaa, haurudi palepale. Ramani uliyokuwa umefika nusu yake inakuwa haina maana, unaanza upya. Ndiyo maana tulikubaliana kwamba toroli likikwama, sumaku itaachwa ikiwaka. Mtu mmoja atakwenda mpaka kwenye mdomo wa tundu, bila kitu chochote cha chuma mwilini, na kulikwamua kwa mkono.

Mtu huyo alikuwa yeye. Hakuna aliyelijua toroli kama yeye, na mwenyewe ndiye aliyejitolea.

Siku ya kuhakikisha majina, kiongozi wa timu yetu, mama mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi, alitupigia simu ya video. Tulikuwa barazani, kompyuta juu ya stuli, na mama yangu akitumiminia chai ya maziwa ya ngamia. Kiongozi alimuuliza binamu yangu maswali ambayo lazima kila anayekaribia sumaku ile aulizwe. Una kifaa chochote moyoni? Umewahi kufanyiwa upasuaji ukawekewa chuma? Umewahi kuingiwa na kipande cha chuma, hasa machoni?

"Hapana," alijibu kila mara, kwa upole.

"Na hilo kovu chini ya jicho lako?"

"Mwiba. Nilikuwa mtoto."

Kovu hilo nililijua tangu utotoni. Ni dogo, kama punje ya mchele, chini ya jicho la kushoto. Katika ukoo wetu kila mtu aliliita mwiba, na kwetu miiba haina haya, kwa hiyo sikuwahi kulifikiria mara mbili.

Mama hajui Kiingereza. Simu ilipokwisha aliniuliza, "Alikuwa anamuuliza nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia kuhusu kukwamua toroli, na kwa nini swali la chuma huulizwa kwa ukali hivyo. Birika lilikuwa mkononi mwake. Halikutikisika, ila chai ilikoma kutoka. Akamtazama binamu yangu, naye akatazama barabarani, ambako korongo wawili wenye vipara walikuwa wamesimama juu ya jaa wakitazama watu kama wanaosubiri kitu. Kisha mama akakusanya glasi ambazo hazijaisha, akaingia ndani.

Jioni, nikimsaidia kukanda unga wa anjera, akasema bila kuinua uso, "Asiende yeye. Tafuta mwingine."

"Kwa nini?"

"Nimesema tu."

"Hooyo, siwezi kuwaambia wazungu kwamba mama yangu amesema tu."

"Basi waambie chochote." Akanawa mikono, na mazungumzo yakaisha. Mama yangu si mtu wa kukata maneno. Nilibaki na unga vidoleni.

Kesho yake alasiri nilikuwa nawaonyesha wapwa zangu mchezo. Natembea na kisumaku kidogo chenye nguvu kuliko ukubwa wake, cha kufundishia. Ukikipitisha kwenye mchanga wa laga, yaani mto mkavu, chembe nyeusi za chuma zinasimama na kukikimbilia, zinaota kama ndevu. Watoto hawachoki. Binamu yangu alifika, akakaa upande wa pili wa mkeka, mbali, kisha nikamwita aje aone mchoro kwenye kompyuta. Akainama kando yangu. Kisumaku kilikuwa bado mkononi mwangu, nami nilikuwa naelekeza kwa mkono huohuo, karibu na uso wake.

Alishtuka kama mtu aliyeumwa na siafu. Kiganja chake kikaruka mpaka chini ya jicho la kushoto, kikakaa hapo. Kabla hakijafika nilikuwa nimeona: ngozi juu ya kovu lile iliinuka kidogo, kama shuka linapovutwa kutoka chini kwa kidole, kisha ikalala.

Mwiba hauvutwi na sumaku.

Niliwapa watoto sarafu wakanunue barafu. Walipoondoka nikauliza, taratibu, "Ni nini kiko humo?"

"Mwiba."

"Aboowe, ndugu yangu, nimeona."

"Hujaona kitu." Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitisha zaidi. "Na kama umeona, wewe pia ni mtoto wa nyumba yetu. Unajua jambo likifungwa limefungwa."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na mengine nikayapata kwa mama usiku huo, naye akayasema nusunusu, akinitaka nijaze mwenyewe. Nilipokuwa shule ya bweni, kule kisimani Kotile kijana wa familia jirani alichezea bunduki ya kulindia ng'ombe. Risasi, ile yenye kiini cha chuma, ilipiga jiwe ikapasuka, na kipande kikamwingia binamu yangu usoni. Hakukuwa na nia mbaya. Wazee wa pande mbili walikaa, fidia, ile tunayoiita mag, ikatolewa kwa ng'ombe, Fatiha ikasomwa. Na sharti la siku zote likafuata: upande uliopokea usilitaje tena jeraha mbele ya mtu wa nje. Kulitaja ni kusema hatukutosheka, tunadai tena. Kuanzia siku hiyo kovu likaitwa mwiba, na aliyekuwa hajui, kama mimi, aliachwa asijue.

Miaka ikapita, na binamu yangu akamwoa dada wa yule kijana. Wanapendana, hilo halina shaka. Watoto wao wanalala kwa babu upande ule na kwa babu upande huu bila kujua kwamba kulikuwa na pande.

Basi ona tulipokuwa. Akikiri kuna chuma, swali linalofuata ni kimetoka wapi. Na jibu lolote litakalotoka kinywani mwake, au mwangu, au mwa mama, ni upande uliopokea ndio unaosema.

Nilijaribu kumweleza binamu yangu kama ninavyowaeleza wanafunzi. Nilimchorea mstari wa nguvu ya sumaku. Watu wengi hudhani hatari kubwa iko katikati ya tundu, mahali uga una nguvu zaidi. Sivyo. Katikati uga ni sawa pande zote, kwa hiyo kipande cha chuma hakijui kiende wapi. Kinaweza kugeuka, kikajipanga, lakini hakikimbii. Kinachokimbiza chuma ni mahali uga unapobadilika upesi, kutoka karibu na hakuna hadi nguvu zote katika hatua chache. Mahali hapo ni mdomoni. Kwenye mchoro wangu nilikuwa nimepapaka rangi nyekundu miezi mingi kabla, ili tuweke nukta nyingi za kupima.

"Hapa ndipo utakaposimama," nikamwambia. "Kisumaku changu ni kama mtoto anayevuta kanzu yako. Ile sumaku kubwa itakivuta kipande hicho na kukigeuza kwa pamoja. Na nyuma ya kovu kuna jicho."

Aliutazama ule wekundu muda mrefu. "Miaka yote hiyo hakijasogea."

"Hakijawahi kuitwa."

"Nitakifunika kwa kiganja." Akatabasamu, akijua ni upuuzi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mke wangu alikuwa pale kisimani. Alikuwa mdogo. Hatujawahi kulizungumza, hata mara moja. Unataka nilianze kwa sababu ya toroli?"

"Nikilifuta jina lako?"

"Utasema sababu gani? Mimi nitasema niko tayari."

Alisema kweli. Kiongozi wetu angeuliza, naye angejibu yuko tayari, na angekwenda. Huo ndio ulikuwa mtego wenyewe: mtu mwaminifu kiasi kwamba angeingia na jicho lake humo kuliko kuonekana amevunja neno lake. Mto unaopita kando ya mji ulikuwa umejaa wiki ile, maji ya rangi ya chai yakipita kimya chini ya daraja na magogo ndani yake. Kila nilipofumba macho niliyaona yakienda.

Nilikuwa nimeshaamua kwamba ikibidi nitasema mimi, na ukoo unitenge. Lakini kabla ya hapo nilikwenda kwa mkewe.

Nilimkuta jikoni akipepeta mchele. Ni mwanamke mcheshi, hunikaribisha kwa matusi ya mapenzi. "Abaayo, dada yangu, leo umekumbuka una wifi? Au umekuja kupima jiko langu?"

"Nimekuja kukuonyesha kitu. Mumeo amewahi kukwambia tunapima nini?"

"Ananiambia sumaku. Nikiuliza zaidi ananichorea mipinde, halafu analala."

Sikumtajia jicho. Sikutaja kisima wala Kotile. Nilimweleza sumaku tu. Nikamwaga mchanga mkavu kwenye sinia, nikauweka mbali na kisumaku, nikausogeza polepole. Kwanza hakuna kinachotokea. Halafu chembe chache zinasimama. Halafu kwa ghafla, katika upana wa kidole, zote zinaruka. Nikamwambia mstari huo usioonekana, ambapo kimya kinageuka kuwa kuruka, ndio mdomo. Nikamwambia mumewe ndiye atakayesimama hapo toroli likikwama, na kwamba asiyekuwa na chuma hana la kuogopa.

Ungo ulikuwa umetulia mapajani mwake.

"Na chuma kidogo?" akauliza.

"Hata kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kama punje ya mchele."

Akaokota punje moja kwenye ungo, akaiweka kiganjani. "Kilichokaa miaka mingi? Kilichozoea?"

"Chuma hakizoei, abaayo."

Aliurudisha mchele kwenye sufuria, akafunika, na akaniomba niende kwa sababu watoto watakuja na njaa. Nilitembea kurudi nyumbani jua likiwa bado kali, nikijiuliza kama nimemwokoa mtu au nimepasua nyumba.

Simu ya mwisho na kiongozi ilikuwa alasiri iliyofuata. Binamu yangu alikaa karibu nami barazani, hata hakuniita Kafupi. Mama alikuwa ndani lakini pazia lilikuwa wazi. Kiongozi alikuwa anasoma mpango kwa sauti, amefika sehemu ya kukwamua toroli, mke wa binamu yangu alipoingia kwenye lango letu. Alikuwa amevaa kama anayekwenda kwenye kikao, jilbabu ya kijivu, uso mkavu. Hakukaa. Alisimama nyuma ya mumewe ili kamera imwone.

"Mfasirie huyo mama," akaniambia. "Maneno ni yangu. Wewe ni ulimi tu."

Binamu yangu akageuka. "Rudi nyumbani."

"Wewe hujasema kitu, na hutasema. Upande wenu umenyamaza vizuri. Mimi ni wa upande ule mwingine, na upande uliotoa unaweza kusema ulichotoa." Akanitazama. "Mwambie si mwiba. Ni kipande cha risasi. Kilitoka kwenye bunduki ya kwetu, mkononi mwa kaka yangu, na mimi nilikuwepo. Mwambie asimsogeze hapo."

Nikafasiri neno kwa neno, sikuongeza wala kupunguza. Kiongozi alivua miwani. Akasema tu kwamba jina limeondolewa kuanzia sasa, na akataka picha ya eksirei kabla binamu yangu hajafanya kazi nyingine yoyote.

Simu ilipozimika, mama alisikika ndani akipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mtungi. Binamu yangu alitazama mikono yake. "Ulikuwa unajua siku zote?" akamuuliza mkewe.

"Nalala upande huo wa uso wako," akasema. "Ulifikiri naona nini?"

Picha ilipigwa hapahapa mjini. Niliishika kuelekea dirishani. Kipande kilikuwa kimelala kwenye mfupa chini ya jicho, chembamba, na ncha yake ilikuwa imeelekea juu. Daktari alisema kukitoa ni hatari kuliko kukiacha, kwa hiyo kimeachwa.

Binamu yangu alibaki Garissa. Mimi niliupanga mpango upya: kamba ndefu ya katani kila upande wa toroli, na watu wote nyuma ya mstari mwekundu. Kiongozi alilalamika kwamba kamba haina akili ya mkono, kisha akakubali.

Siku sumaku ilipopandishwa nguvu nilikuwa ukumbini kule ng'ambo. Ni kitu cha ajabu, nguvu kubwa namna ile bila sauti wala joto; unachokisikia ni pampu tu. Simu yangu niliiacha mezani nyuma ya mstari, imeegemezwa kwenye chupa, binamu yangu akitazama kutoka baraza la mama. Toroli liliingia vizuri, likapima, likaanza kurudi. Karibu na mdomo likakwama.

Kwenye ule mpango wa kwanza, hapo ndipo binamu yangu angesimama, mkono kwenye reli, uso karibu na ukingo wa tundu.

Tulivuta kamba, mimi na kiongozi. Likakataa. Tukavuta tena, likatetemeka, likajikwamua kwa ghafla, na papo hapo nikasikia mlio mdogo, mkavu, kama ukucha unaopigwa kwenye sufuria. Kitu kilikuwa kimebanwa chini ya reli. Kilipoachiwa kiliruka, na hakuna hata mmoja wetu aliyekiona kikipita.

"Nini hicho?" binamu yangu akauliza kwenye simu.

Nilichukua darubini ya mkono iliyokuwa mezani nikaangalia. Washa ya chuma, kile kipete kinachokaa chini ya nati, ndogo, ambayo ufagio wetu wote haukuipata. Ilikuwa imenasa kwenye ukingo wa mdomo, imetulia.

"Washa," nikamwambia.

Nyuma yake nilisikia vyombo, na watoto wakigombana, na mkewe akiwanyamazisha.

"Imenasa wapi?"

Nilitaka kumwambia sijui. "Juu kidogo ya kichwa changu," nikasema.

Alikuwa anajua urefu wangu. Alikuwa amenitania kwa huo maisha yake yote. Nilimwona akihesabu kutoka kichwa changu hadi uso wake. Kiganja chake kikapanda polepole mpaka chini ya jicho la kushoto, kikabaki hapo.

"Anasema nini?" mkewe akauliza kutoka ndani.

Binamu yangu alinyoosha mkono wa pili nje ya picha, na baada ya muda nikaona mkono wa mkewe ukija kuushika.